Baba akila chakula kinamrudi baada ya masaa na shingo inafanya gulugulu, kuna anaejua hii?

BintiWaWete

Asalaam alaykum jamaa zangu. Nnaomba msaada wa mawazo mana sie hapa nyumbani tumeshachanganyikiwa. Baba yangu ana miaka 70 na kitu, tupo Wete, Pemba, hawezi muda sasa lakini si kuugua kwa kulala kitandani, anatembea, barazani anakaa, kahawa yake anakunywa. Tatizo ni kula.

Akikaa kula tonge la kwanza na la pili linapita, la tatu anasimamisha mkono, anakunywa maji, anameza tena na tena halafu ukikaa karibu yake unasikia kabisa shingoni gulugulu gulugulu. Anasema kitu kimekaa hapa, anaonesha chini ya koo. Sasa cha ajabu ni kwamba saa mbili tatu baadae kile chakula kinarudi mdomoni, na si kutapika, hana kichefuchefu wala nini, kinapanda tu, na wali unauona ni wali na samaki ni samaki, mwenyewe anasema hata ndimu bado anaisikia. Akisujudu ndio khasa. Skuizi anasali na leso mkononi na msikitini ameacha kwenda manake anaona haya.

Usiku akilala chali anapaliwa, anaamka anakohoa mpaka macho yanamtoka. Asubuhi nikitandika nakuta chembe za wali kwenye mto, na siku moja nikakuta kidonge chake cha presha kizima, rangi tu ndio imetoka!! Na mdomo unanuka jamani, nasema haya kwa kuwa hamnijui, mswaki anapiga, karafuu anatafuna kutwa, wapi. Kanzu zote zinampwaya.

Tumeshapewa dawa za asidi, za fangasi ya koo, na sindano za kifua mana kifua kinamrudia kila baada ya muda. Shangazi kaleta kombe, yale maji ya aya ya kunywa, jirani anasema zongo, yaani kijicho cha watu. Mie nnachotaka kujua ni kitu gani hiki na tuanzie wapi, kama kuvuka bahari tuvuke lakini tusende huko tukawa hatujui tumefata nini.

Mkoani_Kwetu

Waalaykum salaam. Dada hicho ni kimeo kimerefuka, wala msihangaike na madokta. Kuna mzee huku kwetu anakata, dakika moja kwishaa. Bibi yangu alikuwa anakohoa usiku hivohivo.

nesi_wa_Mchangani

Mkoani_Kwetu hebu tuache na vimeo vyenu. Kimeo kiko juu pale nyuma ya ulimi, unakiona ukiachama mbele ya kioo, kinahusu nini na wali uliokaa masaa matatu ukarudi mzima? Nimepokea wodini watoto wamekatwa vimeo kwa wembe wanavuja damu hazikamatiki, wengine wadudu wameshaingia. Na huyu ni mzee ana presha, atavuja damu huku anapaliwa, mtamzika.

BintiWaWete dada nikuulize, akimeza maji matupu yanapita? Na kilo zimeshuka kwa muda gani, wiki au miaka? Na sauti imebadilika? Kuna damu? Jibu haya kwanza.

BintiWaWete

Maji yanapita lakini mara moja moja yanampalia. Gulugulu hata kwa maji ipo. Kukonda si ghafla, ni taratibu, naona mwaka na zaidi, mwanzo tulikuwa tunamcheka kuwa anakula polepole. Damu hakuna. Sauti asubuhi inakuwa ya majimaji hivi, akikohoa ikisafika inarudi kawaida. Na Mkoani_Kwetu ahsante kwa nia yako lakini baba hakatwi kitu na wembe.

Mpemba_wa_London

Kaka, dada, yoyote utakaekuwa, hii hadithi uloandika ungebadilisha jina tu ungekuwa umemuandika baba mkwe wangu. Kila kitu! Mpaka vidonge kwenye mto. Yeye alikuwa huku Uingereza, walimwambia ana kifuko kwenye koo, chakula kinaingia humo badala ya kushuka. Kwa huku wanasema ni kama watu 2 kwa kila 100,000 kwa mwaka, ndio mana hata huku dokta wa mtaani alimzungusha na vidonge vya asidi muda mrefu kabla ya kumpeleka kwa wa koo. Alifanyiwa, akala biriani harusi ya mjukuu wake. Ngoja nikitoka kazini naandika vizuri.

tabibu_mstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Mie nimefanya kazi idara ya masikio, pua na koo muda mrefu kabla ya kustaafu. Simuoni baba yako kwahivo sisemi ndio wala sio, lakini kwa hivo ulivoeleza, hata hujamaliza kusema ningeshaandika karatasi ya kuangalia kifuko cha koo, na mwenzako wa London kashanitangulia.

Nyuma ya koo, chini kabisa kabla ya kuingia kwenye umio, ile njia ya kuteremshia chakula tumboni, imekutana misuli miwili. Wa juu umekaa mshazari, wa chini umezunguka na ndio mlango wa umio wenyewe. Baina yao pana pahala pana nyama kidogo, dhaifu, na hivo ndivo tulivoumbwa sote. Mtu akimeza ule wa chini unatakiwa ulegee upishe. Kwa baadhi ya wazee haufunguki sawasawa, sasa nguvu ya kumeza inatafuta pa kutokea, inasukuma pale penye udhaifu siku zote, miaka inapita, mwisho utando laini wa ndani unatokeza kwa nyuma, ndio ule mpira wa ndani wa baiskeli unavotokeza pale tairi ilipochanika. Mara nyingi unalalia kushoto.

Sasa rudi kwenye maneno yako. Tonge la kwanza na la pili linapita kwa kuwa kifuko bado kitupu, kikijaa kinaulalia umio kwa mbele na njia inabana. Wali unarudi ni wali kwa kuwa tumboni haukufika, asidi haijaugusa, na ndio mana dawa za asidi zinapita hivihivi bila faida. Akiinama kwenye sujudu au akilala kifuko kinamwagika, kikimwagika mdomoni unaona kwenye mto, kikimwagika kwenye njia ya hewa anapaliwa, kinaingia mapafuni na hicho ndicho kifua kinachorudi rudi. Harufu ni ya chakula kilichochachia mule ndani, mswaki utakifata wapi? Na gulugulu ni hewa na maji kupishana mlangoni mwa kifuko. Mkiisikia msiende kumbonyeza bonyeza shingo kujaribu, nakuoneni.

Wengi ni watu wa 60 kwenda juu, chini ya 40 ni nadra khasa, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Kipimo cha kuanzia ni eksrei ya kumeza bariumu. Anasimama, anakunywa dawa nyeupe nzito, picha zinapigwa huku anameza, ya mbele na ya ubavuni. Kifuko kikiwepo hakijifichi, dawa inabaki mule na umio umeshakuwa mtupu. Waambie wa eksrei mapema kuwa mzee anapaliwa. Na hili ulishike: kama kuna mtu anataka kumtia kamera au mpira wa kulishia wa puani kabla ya picha hiyo, mwambie hii habari ya kifuko mnayoishuku. Kamera ikienda kibubusa inaingia kwenye kifuko badala ya umio na ukuta wake ni mwembamba, ukitoboka ule uchafu unashuka kifuani na hapo inakuwa kesi nyengine kabisa.

Kijana_wa_Chake

Hii yote ni vyakula vya skuizi hivi, mchele wa mapembe sijui una nini, kuku wa sindano, mafuta ya madumu. Wazee wetu zamani hawakuwa na magonjwa haya ya ajabu ajabu.

tabibu_mstaafu

Kijana wazee wako walikuwa nayo ila walizikwa bila ya mtu kujua. Daktari mmoja wa Bristol, Ludlow, alikieleza kifuko hichi mwaka 1764, kuku wa sindano alikuwa wapi? Halafu Mjerumani Zenker na mwenzake Ziemssen wakaandika kwa urefu 1877, ndio mpaka leo vitabuni kinaitwa kwa jina la Zenker. Mchele hauna kesi hapa.

Kijana_wa_Chake

Haya dokta nimenyoosha mikono 😅 lakini sasa na saratani je? Mana kwetu kila anaeshindwa kumeza tunaambiwa saratani na watu wanakaa kimya nyumbani wakisubiri.

tabibu_mstaafu

Hilo ni swali la maana kuliko la mchele. Saratani ya umio kwa ukanda huu wetu wa Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia kushuka mpaka Malawi, ipo na si haba, kwahivo mtu yoyote mzima anaeshindwa kumeza lazima aangaliwe, hakuna kukaa ukisubiri wala kujituliza kuwa ni kifuko tu. Mara nyingi yake inakwenda mbio, mwezi huu mkate hauteremki, baada ya miezi hata uji hauteremki, na mtu anakwisha ukimtizama. Huyu mzee ni zaidi ya mwaka na maji yanapita, inanipa matumaini, lakini matumaini si kipimo. Hata ndani ya kifuko chenyewe saratani inaweza kutokea ingawa ni mara chache mno. Na hiyo kahawa ya barazani mpoze kidogo, vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka mwaka 2016 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Najua hamtonisikiliza hapo, mie mwenyewe nainywa inafuka.

Mpemba_wa_London

Nimerudi. Basi baba mkwe picha ilipotoka tuliona wenyewe, mfuko umening'inia umejaa dawa nyeupe. Walimpa njia mbili. Moja ni kupasua shingo kwa kushoto, wanaukata ule msuli uliogoma na kifuko wanakitoa au kukishonea juu kiwe hakijai. Ya pili ni kupitia mdomoni, analazwa usingizi, wanaingiza bomba la chuma, kwa ndani baina ya kifuko na umio kuna ukuta na ndani ya ukuta huo ndio umo huo msuli, wanaukata kwa stepla ya upasuaji ambayo inakata na kufunga kingo hapohapo. Kifuko hakitolewi, kinakuwa kimoja na umio tu na chakula hakina tena pa kujificha. Alifanyiwa hiyo ya pili. Shingoni hana alama hata ya kucha, kesho yake kapewa maji na supu na akarudi nyumbani, wiki ya kwanza vitu laini. Koo lilimuuma na jino moja lililokuwa linacheza ndio lilipata msiba, waambieni kama mzee ana meno yanacheza.

Ukweli wote niuseme, baada ya miaka ilimrudia kidogo, wanasema hiyo ya mdomoni inarudia zaidi kuliko ya kupasua. Lakini hata hiyo kidogo si ile ya mwanzo.

BintiWaWete

Allah akulipeni kheri nyote. Nimemsomea baba yote haya, kanyamaza halafu akasema "kumbe lina jina". Sasa ana khofu ya kisu, anasema kwa umri wake na presha hii hatoki chumba cha operesheni, bora abaki na leso yake. Hakuna dawa ya kunywa ikakiyayusha? Na jengine, Ramadhani inakuja, kile kinachorudi mchana ni cha daku, saumu yake ipo au haipo? Hili linamkera kuliko ugonjwa wenyewe.

Gando_Kwetu

Kwa saumu, tulivosomeshwa ni kuwa kinachopanda chenyewe bila ya kukusudia hakifunguzi, ila akiteme, asikimeze kwa makusudi na hali anaweza kukitema. Na kama daktari akisema kufunga kunamdhuru na ugonjwa wenyewe si wa kuondoka basi kuna kutoa kibaba cha chakula kwa maskini, mzee wa umri huo hana lawama. Sala vilevile, anasali kwa kukaa na kuashiria, wala asiache sala ya jamaa. Lakini mpeleke na kwa shekhe wenu msikitini akasikie kwa masikio yake, wazee hawaamini simu.

tabibu_mstaafu

Dawa ya kunywa ya kukiondoa kifuko haipo mwanangu, ukimsikia mtu anaiuza mfungie mlango. Kifuko kidogo kisichomsumbua mtu kinaachwa, lakini cha baba yako kinamwagia mapafu, na mapafu ndio yatakayomuua, si umri. Mwambie wagonjwa wengi wa maradhi haya ni wa rika lake na ndio hao hao wanaofanyiwa, miaka 70 kwa operesheni hii si kizuizi peke yake. Presha itatengenezwa kwanza, tena naona haijakaa sawa kwa kuwa nusu ya vidonge anavimeza mto.

Kisu kina khatari zake sitaki kukuficha. Kwa ya shingoni kuna mshipa wa fahamu wa sauti upo jirani ukiguswa sauti inakwaruza, na kwa zote mbili kuna uwezekano wa kuvuja kwa ndani, ndio mana ifanywe na mtu aliyeizoea. Ya mdomoni inataka shingo iweze kulala nyuma na mdomo uachame vizuri, mwenye shingo kavu anarudi kwenye ya kupasua. Muulizeni daktari wazi, wewe umefanya ngapi? Si ufidhuli. Anzeni spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa daktari wa masikio, pua na koo, mwende na karatasi ya rufaa, kama kifaa au mtu hayupo basi yeye ndie atakaekupelekeni spitali ya Muhimbili, Dar, msiruke mkaenda Dar kichwa kichwa mkaanza foleni upya.

nesi_wa_Mchangani

Kwa sasa hivi dada kabla hamjasafiri: chakula laini na tonge dogo, boko boko, uji, samaki wa mchuzi aliyechambuliwa sawasawa, mkate mkavu na nyama ya mishikaki asiguse mpaka dokta aseme. Akimaliza kula anywe maji funda funda, asilale mpaka yapite masaa, na kitanda mnyanyue upande wa kichwani kwa matofali, si kumjazia mito shingo ikapinda. Vidonge muulize mfamasia kama vinasagika, kuna vya presha vimetengenezwa viyayuke polepole ukivisaga vinaingia vyote kwa mpigo akaanguka. Akipata homa, akihema kwa shida, au kifua kikimchoma ghafla, hapo hakuna kusubiri rufaa, ni spitali moja kwa moja usiku huohuo.

Mkoani_Kwetu

Haya mie nimesoma tu nimenyamaza. Lakini lile kombe la shangazi msilikataze jamani.

nesi_wa_Mchangani

Kombe anywe, nani kakataza? Funda funda, amekaa kitako 😂

BintiWaWete

Kakubali!! Kaka yangu wa Mombasa kapiga simu kamgombeza na shekhe kampitia jioni, naona shekhe ndie aliyemaliza kazi. Rufaa nafata kesho na nafasi ya boti nshauliza. Kuna kitu cha kuchukua?

tabibu_mstaafu

Chukua vyeti vyote vya nyuma hata vilivochakaa, picha za kifua kama zipo, na vidonge vyake vyote na pakti zake, si kusema "vile vyeupe". Na akiwa anakula na gulugulu inalia mrikodi kwa simu, sauti ile dokta akiisikia utakuwa umemuokolea nusu saa ya maswali.

nesi_wa_Mchangani

Na boti jamani! Asile kitu kizito kabla ya kupanda, mana mkifika mkondo wa Nungwi kila mtu anajua kunavokuwa, akianza kutapika na hali kifuko kimejaa atapaliwa. Ale mapema uji, anywe maji, muwe na muda wa kukimwaga kabla ya kupanda. Ndani akae wima, akitaka kulala asilale chali mumlaze ubavu, mifuko ya kutapikia chukueni mingi, na mkae karibu na wafanyakazi wa boti muwaambie mapema mna mgonjwa.